Sura ya Sita: Silanga Imejaa, Ubatizo Umehamishwa

Asubuhi hiyo ya Jumatano Koplo Ndinda alikuwa ameketi kwenye kigoda nje ya mlango wake, ungo magotini, akichagua mawe kwenye ndengu. Ndengu za soko ni hivyo: unanunua chakula, changarawe unaongezewa bure. Alikuwa akiwarushia kuku wa jirani vijiwe, nao wanakimbia wakidhani ni nafaka, wakati simu yake ilipoanza kutambaa juu ya debe la maji.

"Ndinda."

"Naam, bosi."

"Ile faili ya kanisa huko Kithumulani. Funga leo."

"Jiwe halijapatikana, bosi."

"Jiwe ni jiwe! Ukambani yote ni mawe, waokote lingine." Inspekta Kang'ethe hakuwa mtu mbaya, ila uvumilivu wake ulikuwa mfupi kama mkia wa mbuzi. "Niko na wizi wa ng'ombe, niko na duka limevunjwa, na afisa wangu anazunguka Kalama akitafuta jiwe. Watu watatucheka."

"Wacha wacheke mpaka jioni. Jioni nitakuletea jibu."

"Na ukikosa?"

"Sitakosa."

Simu ikakatwa. Kang'ethe hakuwa amesema ndiyo, lakini hakuwa amesema hapana. Ndinda akahesabu kimya kile kuwa ruhusa. Akamwaga ndengu kwenye sufuria, akavaa viatu vyake vya matope, akachukua pikipiki ya kituo.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Kesho, Alhamisi, baraza la kusikiliza kesi za ardhi lingekaa. Kioko, mfanyabiashara wa simiti na misumari kule Tala, alikuwa anadai kilima cha Kithumulani ni chake, alikipata mwaka wa tisini, na kwamba Wabaptisti walimvamia wakajenga kanisa mwaka wa tisini na tatu. Alitaka watoke ili achimbe kokoto. Wabaptisti nao walisema wamekuwa juu ya kilima hicho tangu elfu moja mia tisa sitini na saba, wakati ardhi ilikuwa inatolewa kwa mdomo na mbuzi wa kuchinja. Mashahidi wa siku hizo walikuwa wamekufa karibu wote. Ushahidi uliobaki ulikuwa mmoja tu: jiwe la msingi. Na Jumatatu asubuhi walipoenda kulitoa ukutani walipelekee baraza, walikuta halipo.

Bila jiwe, kesho hiyo hiyo Kioko angepewa kilima, na keshokutwa tingatinga ingepanda.

* * *

Mlangoni mwa kanisa washirika walikuwa wamepanga mabenchi kama boma la ng'ombe. Nusu ya kanisa ilikuwa inalala humo ndani tangu Jumatatu. Sufuria ya isyo, mahindi na maharagwe, ilikuwa inatokota juu ya mafiga pale pale ngazini, na nguo za watoto zilikuwa zimeanikwa kwenye madirisha.

"Kama ni tingatinga, iambie ipige hodi!" sauti ya mwanamke ikatoka ndani.

"Ni mimi, Ndinda wa polisi."

"Hata polisi wapige hodi!"

Kicheko kikalipuka. Ndinda akapiga hodi kwenye benchi kama alivyoambiwa. Wakamfungulia.

Aliyekuwa anaamuru mambo humo ndani ni Susu Kalekye. Wote walimwita susu, yaani nyanya, hata wazee wenye mvi. Alikuwa amekonda kama mti wa jembe, na aliimba kwaya kabla ya wengi wao kuzaliwa. Mkono wake wa kulia haukuwa na kidole cha kati, lakini aliushika ule mkebe wa uji kwa vidole vilivyobaki asimwage hata tone.

"Kunywa, mwiitu wakwa, binti yangu. Mwizi hashikwi na njaa tumboni."

"Asante, susu."

Kando yake Munyiva, kiongozi wa kwaya ya sasa, alikuwa anakunja majoho meupe ya ubatizo huku akinung'unika. "Sijui kama nguo hizi zitafika safi. Jumapili tunabatiza watu, na tunaambiwa tutembee mpaka mto Thwake! Na silanga yetu ile pale, bwawa zima, imejaa mpaka ukingo. Tumengoja mvua mwaka mzima, imekuja, tunaikimbia."

"Nani amesema muende Thwake?" Ndinda aliuliza, uji mdomoni.

"Mzee Mulwa. Mwenyekiti wa mashemasi akisema, nani atabisha? Mchungaji hatuna, ni yeye tu."

Ndinda akanywa uji wake. Alikuwa amekuja kwa sababu ya jiwe, si ya maji.

Akaenda nyuma ya mimbari, mahali ambapo mtu aliyeketi kwenye benchi haoni. Kanisa la Kithumulani lilikuwa na mawe mawili. La kwanza lilikuwa nje, kando ya mlango, limepakwa rangi nyeupe, limeandikwa 1993. Hilo ni la mwaka walipoezeka mabati mapya na kuinua kuta. La pili, lile la zamani, lilikuwa bamba la simiti lililotazama ndani, kwa sababu waliolijenga waliogopa mvua ingelikula. Mwaka huo huo wa mabati mapya likapigwa plasta juu, likasahauliwa. Ni Ijumaa iliyopita tu, kwenye mkutano wa washirika peke yao, Susu Kalekye alisimama akasema plasta ibomolewe na jiwe litolewe.

Ndinda akachuchumaa. Plasta ilikuwa imekatwa kwa patasi, pembe nne, sawasawa. Shimo lilipokuwa jiwe lilikuwa limezibwa kwa matofali na udongo uliokandwa vizuri, na kipande cha mbao kilikuwa kimesimamishwa chini ya boriti kuzuia ukuta usishuke. Siku tatu alikuwa akilitazama shimo hilo akiuliza nani alichukua. Leo aliuliza swali lingine.

"Susu, nani aliziba hapa?"

"Tulikuta hivyo hivyo."

"Mwizi gani anaiba halafu anaziba?"

Susu akakuna kichwa. "Labda ni mwizi mwenye adabu."

* * *

Kabla uji haujaisha, kelele zikasikika nje. Pikapu ilikuwa imepanda kilima, na vijana wawili walikuwa wakishusha vigingi vilivyopakwa rangi nyekundu. Kioko mwenyewe alikuwa ameegemea mlango wa gari, mkono umening'inia nje ya dirisha, bangili ya shaba iliyosokotwa ikigonga bati: tang, tang, tang.

Kanisa lote likatoka nje. Munyiva akaanzisha wimbo kwa nguvu kama mtu anayetupa mawe.

"Kioko wa Ngina!" Susu Kalekye akamwita kwa jina la mama yake. "Unapima kaburi la nani?"

"Nyamaza, mama mzee. Ninapima shamba yangu."

"Mama yako alibeba maji ya simiti kichwani kwa hili kanisa, na wewe unakuja na vigingi? Hata bangili yake unavaa, huoni haya?"

"Mama yangu alikuja kwenu juzi juzi, mkishajenga hiyo ya mabati. Muacheni alale." Kioko akageuka. "Koplo, umekuja kunishika? Mimi hapa. Kila mtu anasema Kioko ndio aliiba jiwe."

"Uliiba?"

"Niko na duka imejaa nyundo. Nikitaka jiwe liishe, nampa kijana nyundo, linakuwa kokoto kabla chai haijapoa. Mbona nilibebe? Nilipeleke wapi, nikalalie?"

"Mtu anaweza kubeba ili kisipatikane hata kipande."

"Na nibebe lililofichwa, niache la nje?" Kioko akaonyesha mlango wa kanisa. "Mimi nilipiga picha jiwe moja, lile nyeupe, limeandikwa tisini na tatu. Hilo linanisaidia. Hilo lingine nimesikia habari yake Jumatatu, kutoka kwa nyinyi mnaopiga kelele."

Ndinda akamtazama. Kioko alikuwa mjeuri, lakini ujeuri si wizi. Jiwe lilikuwa limefichwa nyuma ya plasta, na aliyelitoa alikata plasta pale pale lilipo, hakupapasa hata mahali pengine. Kioko hakuwa kwenye mkutano wa Ijumaa. Na mtu wa kukodiwa na Kioko, angesimamisha mbao ili ukuta usiwaangukie wenye kanisa? Huyo angeshukuru ukuta uanguke wote.

"Vigingi vyako rudisha kwa gari," Ndinda akasema. "Baraza linakaa kesho."

"Na nisiporudisha?"

"Nitavichukua kama ushahidi, na wewe nikuchukue uje uvihesabu kituoni."

Kioko akacheka, akawapigia vijana mluzi. "Keshokutwa nitakuja na kubwa kuliko vigingi, koplo. Mwambie huyo mama mzee aanze kufunga sufuria."

"Mwanamume hafungi sufuria ya mwanamke!" Susu akamjibu, na wanawake wakapiga vigelegele mpaka pikapu ikapotelea kwenye kona.

* * *

Ndinda akamvuta Susu pembeni.

"Jumatatu nilikuuliza ni mgeni gani alikuja hapa kati ya Ijumaa na Jumapili. Ukaniambia hakuna."

"Na hakuna."

"Sasa nakuuliza: asiye mgeni, nani alikuja?"

Susu akafikiri. "Jumamosi tulifagia, tukaenda kuchota maji. Mzee Mulwa akaja na mkokoteni wake wa ng'ombe na mpwa wake mmoja kiziwi, akaleta mchanga wa kurekebisha sakafu. Kila Jumamosi huleta kitu."

"Na mkokoteni ukirudi ulikuwa na nini?"

"Magunia. Sijui. Nani huangalia mkokoteni wa Mulwa? Ni kama kuangalia kama jua limetoka."

Wakati huo huo mkokoteni wenyewe ukafika, ng'ombe wawili weupe wakihema. Mzee Mulwa akashuka polepole, koti jeusi, kofia mkononi. Alikuwa mtu wa kuheshimiwa mpaka mbwa walikuwa hawambwekei.

"Koplo, habari ya kazi?"

"Njema, mzee. Nilitaka unieleze historia ya kanisa. Kesho baraza watauliza."

Uso wa Mulwa ukafunguka. Historia hiyo aliisimulia kila mwaka siku ya ukumbusho, na hakuhitaji kubembelezwa. "Kanisa hili lilianzishwa na baba yangu. Mwaka sitini na saba alisimama hapa peke yake, chini ya jua, Biblia mkononi. Akapiga magoti, akaomba, akachimba msingi kwa mikono yake. Kesho nitasimama mbele ya baraza niseme hivyo. Neno langu litatosha, hata jiwe likikosa."

"Na jiwe, lilikuwa na nini juu yake?"

"Msalaba. Na mwaka."

Susu Kalekye akaangua kicheko kikavu. "Msalaba! Mulwa, siku hiyo ulikuwa unachunga mbuzi, na mmoja alikula kamba ya mjengo. Msalaba tulitoa wapi? Tuliweka mikono."

"Mikono gani?" Ndinda akageuka haraka.

"Mikono yetu! Sisi wanawake wa mwethya. Tulikuwa tunalimiana mashamba, leo kwa huyu, kesho kwa yule, tunachimba matuta. Tukasema, na Mungu naye tumlimie siku moja. Tukajenga msingi. Simiti ikiwa bado mbichi kila mmoja akaweka kiganja. Tulikuwa saba. Nimebaki mimi."

"Mbona hukuniambia Jumatatu, susu?"

"Uliuliza jiwe limeandikwa nini. Na hayo ya mikono nimesema miaka yote. Huambiwa ni hadithi ya jikoni."

"Ni hadithi ya jikoni," Mulwa akasema kwa ukali. "Baba yangu..."

"Mzee Mulwa," Ndinda akamkata, taratibu. "Mwaka wa tisini na tatu, nani alisimamia kupiga plasta?"

"Mimi. Ukuta ulikuwa na nyufa."

"Sawa. Na ubatizo wa Jumapili, mbona umehamishwa Thwake?"

Mulwa akavaa kofia. Akaivua. "Silanga iko na matope."

"Thwake haina matope?"

"Silanga iko na ruba pia."

"Ruba waliingia lini, mzee? Jumamosi?"

Ng'ombe mmoja akapiga mkia. Munyiva akaacha joho alilokuwa anakunja likaanguka.

"Katika nchi hii ya kiangazi," Ndinda akaendelea, "sijaona mtu akikimbia silanga iliyojaa. Isipokuwa mtu anayejua kwamba Jumapili watu wataingia majini mpaka kiunoni, watembee pale pale wanapobatiziwa kila mwaka, na mmoja wao atajigonga mguu kwa kitu. Mwizi wa kawaida angevunja jiwe. Huyu hakuweza. Alikata plasta kwa heshima, akaziba shimo ili ukuta usiangukie watoto, halafu akalipeleka mahali ambapo Mbaptisti hupeleka kitu akitaka kiishe bila kukiua. Majini."

Mulwa alitazama silanga kule bondeni, na wote wakatazama alikotazama.

* * *

Ndinda akakunja suruali, akaingia majini na mpini wa jembe. Maji yalikuwa mekundu kama chai ya rangi. Akapiga chini: tope. Akasogea. Tope. Akasogea tena, maji yakafika kiunoni, akapiga: ngo!

"Hapa!"

Wanaume wakaleta kamba. Mtu akasema ng'ombe wa Mzee Mulwa wafunguliwe walivute.

"Ng'ombe wangu hawatafanya hiyo kazi," Mulwa akasema. Alikuwa amesimama ukingoni, wima, kama bado anaongoza ibada.

"Nani amewaomba?" Susu Kalekye akafunga leso kiunoni. "Tulilipandisha hapo juu bila ng'ombe, na Jumapili tutaimba juu yake bila ng'ombe. Mwethya! Shikeni!"

Wanawake wakashika kamba, wazee kwa wasichana, Munyiva akatoa wimbo wa kulima, ule wa zamani wa kupiga jembe wote kwa pamoja. Wakavuta. Kamba ikalia. Ndinda alikuwa nyuma ya jiwe, maji mpaka kifuani, akilisukuma. Likatoka taratibu likibubujika matope, na lilipofika kwenye nyasi hakuna aliyeshangilia. Waliogopa kulitazama.

"Sikulivunja," Mulwa akasema. "Mungu ni shahidi, sikulivunja."

"Hiyo ndiyo imekushika, mzee. Ungelivunja nisingekupata."

"Kesho lingewekwa mbele ya watu wote. Wangehesabu mikono ya wanawake. Baba yangu angekuwa nani?"

"Angekuwa mtu wa nane," Susu akamjibu. "Alikuja mwaka uliofuata, akahubiri vizuri, tukampenda. Kuna ubaya gani kuwa wa nane?"

Mulwa akakaa ukingoni, kofia magotini.

"Kesho utakuja mbele ya baraza," Ndinda akamwambia. "Utasema ni wewe ulilitoa ukutani."

"Na nikikataa?"

"Basi nitasema mimi, na nitasema vibaya kuliko wewe."

Munyiva akamwagia jiwe maji ya ndoo. Tope likateremka, na viganja vikaonekana, saba, vimepangwa kama watu kwenye benchi. Chini yake mtu alikuwa amekwaruza 1967 kwa msumari.

Ndinda akainama. "Mwaka si kitu. Kioko atasema mliandika juzi."

"Na huu pia atasema niliuweka juzi?" Susu akapiga magoti, akaingiza mkono wake wa kulia kwenye kiganja cha pili. Kidole gumba chake kilikuwa kimepinda kwa nje tangu kuzaliwa, na gumba la kwenye simiti lilikuwa limepinda hivyo hivyo. Vidole vikalala kila kimoja nyumbani kwake. Katikati tu ndipo palibaki wazi, kishimo cha kidole kamili kisicho na mwenyewe, kama kiti cha mtu aliyehama.

Munyiva akainama aone.

"Susu," Ndinda akauliza, "hiki kidole kilienda lini?"

"Sabini na nne. Mashine ya mkonge. Kila mtu wa hapa anajua. Ngina alirarua leso yake mpya akanifunga, na kijana wake ndiye alikimbia kuita watu."

"Kijana wake nani?"

"Alikuwa na mmoja tu. Kioko."

Ndinda akakaa kwenye nyasi, maji yakimchuruzika. Jiwe lililoshikwa na kidole kile lilikuwa pale kabla ya sabini na nne, na mdai mwenyewe ndiye shahidi wa kidole.

"Na huu ulio kando yako?" akauliza. Kiganja cha tatu kilikuwa kidogo, kimebonyezwa kwa nguvu mpaka kifundo cha mkono kikazama. Hapo kwenye simiti palikuwa na alama nyingine, mstari uliopinda, umesokotwa kama kamba.

Susu akaupapasa kwa kidole. "Ngina huyo. Tulimwambia avue bangili, akasema haitoki."

Ndinda akachukua simu yake kwenye begi alilokuwa amemwachia Munyiva. Faili aliyoambiwa afunge leo ilikuwa humo, wazi bado. Akatafuta namba ya Kioko.

"Andika ninavyosema," Susu akamwambia. "Na uandike Kiswahili, asije akasema hakuelewa."

Ndinda akaandika, kidole kikubwa kikibonyeza herufi moja moja:

*Kioko wa Ngina. Jiwe tuko nalo. Kesho saa tatu njoo na hiyo bangili, iko na mahali pake hapa kwa simiti. Ikikataa kuingia, chukua kilima. Ni mimi Kalekye, wewe ndiye ulikimbia kuniitia watu.*

Akatuma. Simu ikalia mara moja kuonyesha meseji imefika.

Wakangoja. Jua likashuka nyuma ya kilima, wanawake wakakamua maji kwenye leso zao, mbuzi wa mtu wakaja kunywa. Ndinda akaiweka simu juu ya jiwe, kando ya kiganja cha tatu, ili ikilia wote waione. Kioo chake kikazima bila jibu la Kioko, kikabaki hivyo.